Timu ya chuo chetu imefungwa mechi 9 kati ya 12: je, dawa ni kumwondoa kocha?

Waziri wa Michezo, Dodoma

Ndugu zangu, habari za jioni.

Mimi ni Waziri wa Michezo katika serikali ya wanafunzi ya chuo kimoja cha hapa Dodoma, ambacho naomba nisikitaje kwa kuwa haya ninayoyaandika bado hayajafikishwa rasmi kwa uongozi. Timu yetu ya mpira wa miguu inashiriki ligi ndogo ambayo vyuo 8 vya mjini viliianzisha vyenyewe, kila timu ikikutana na nyingine nyumbani na ugenini, hivyo msimu mzima ni mechi 14. Hadi Jumamosi iliyopita tulikuwa tumecheza 12. Tumeshinda 1, tumetoka sare 2 na kufungwa 9. Tumefunga mabao 9 na kufungwa 27. Tuna pointi 5, na tumeshika mkia kiasi kwamba hata tukishinda mechi mbili zilizobaki hatumfikii aliye juu yetu.

Kinachouma zaidi ni namna tulivyoanza. Mechi ya kwanza tulishinda 2-1, wanafunzi wakaimba kutoka uwanjani hadi mabwenini, na jezi mpya zilizonunuliwa kwa michango ya darasa kwa darasa zikavaliwa hadi kwenye vipindi vya Jumatatu. Baada ya hapo tulifungwa 2-0, tukapata sare ya 1-1, halafu ukaja mfululizo ambao sioni sababu ya kuusimulia wote. Katika mechi ya 10, tuliyofungwa 3-0, niliwahesabu watazamaji wa upande wetu nikapata 11, na wanne kati yao walikuwa wachezaji wa netiboli waliokuwa wakisubiri tumalize ili wapate mahali pa kufanyia mazoezi.

Kocha wetu ni mwalimu wa shule ya msingi anayejitolea. Chuo humpa nauli ya bodaboda ya kutoka Nkuhungu na kurudi, basi, na nauli yenyewe mara nyingine huchelewa hadi mwezi unapinduka. Lawama dhidi yake ni mbili. Anang'ang'ania kipa aanzishe mpira kwa pasi fupi ilhali uwanja wetu ni wa changarawe na mpira hurukaruka pale kama panzi. Na inasemekana hafanyi mabadiliko mapema, bali huwaacha uwanjani wachezaji waliokwisha kuchoka hadi filimbi ya mwisho.

Bunge la wanafunzi linakutana Ijumaa ya wiki ijayo. Ipo hoja ya kumwondoa na kumleta kocha mwingine, aliyewahi kufundisha timu za madaraja ya chini, ambaye anataka posho ya kila mwezi. Posho hiyo haina pa kutoka isipokuwa kwenye fungu la netiboli na riadha. Mimi natakiwa kusoma maoni ya wizara yangu kabla ya kura kupigwa, na nakiri kwamba kila ninapoketi kuyaandika huishia kuyafuta. Naomba ushauri wa waliokwisha kupita hapa: timu inapofungwa hivi, mtu anajuaje kama tatizo ni kocha au ni jambo jingine?

Mnazi wa Makulu

Ndugu Waziri, nakuheshimu, na najua kazi yako ni ya kujitolea kama ilivyo ya kocha, lakini mzigo huu ni mwepesi kuliko unavyoubeba. Mimi ni mmoja wa wale 11 uliowahesabu, na si wa netiboli. Nimesimama pembeni ya uwanja kwenye mechi zote za nyumbani. Ikifika dakika ya 70 wachezaji wetu wanatembea, beki wa kulia ameshika kiuno, winga amesimama katikati ya uwanja anatazama mpira ukienda upande wake, na kocha ameketi kwenye benchi anaandika. Sijui anaandika nini. Kocha anayeijua kazi yake angekwishafanya mabadiliko.

Mfano tunao hapa nyumbani. Novemba 2015 timu yetu ya taifa, Taifa Stars, ilifungwa 7-0 na Algeria ugenini, aibu ambayo hadi leo ikitajwa kijiweni watu hubadilisha mazungumzo. Mwishowe akaja kocha Emmanuel Amunike, na Machi 2019 tukaifunga Uganda 3-0 na kufuzu AFCON, yaani Kombe la Mataifa ya Afrika, kwa mara ya kwanza tangu 1980. Mpira ni matokeo. Aliyefungwa mechi 9 ashukuriwe kwa utumishi wake, apewe cheti, na nafasi apewe mwingine.

Kipa Mstaafu

Mnazi, mdogo wangu, kumbukumbu yako ni nzuri ila umeikata katikati. Mwaka huo huo wa 2015, mwezi Juni, Mart Nooij aliondolewa baada ya Stars kufungwa 3-0 na Uganda kule Zanzibar, na timu akakabidhiwa Charles Boniface Mkwasa. Kwa maana hiyo kipigo cha 7-0 kilikuja miezi mitano baada ya kocha kubadilishwa, wala si kabla. Tena siku tatu kabla ya kipigo hicho, kocha huyo huyo alitoka sare ya 2-2 na Algeria hiyo hiyo jijini Dar es Salaam, mechi ambayo tuliongoza 2-0 na mabao ya wageni yote mawili yakapatikana katika kipindi cha pili. Wanaofuatilia ligi ya Uingereza watakumbuka Derby County ya msimu wa 2007/08. Billy Davies aliondoka Novemba ikiwa na pointi 6 katika mechi 14. Paul Jewell akaichukua kwa mechi 24 zilizobaki na hakushinda hata moja ya ligi, akaongeza pointi 5 tu, wakashuka daraja na pointi 11. Sisemi kwamba kubadilisha kocha hakufai kamwe. Ninachosema ni kwamba kocha hubadilishwa haraka kwa sababu ndiye peke yake anayeweza kubadilishwa kwa barua ya ukurasa mmoja.

Nilidaka miaka mitatu katika timu ya chuo, hapa hapa Dodoma, na msimu wangu wa pili ulifanana na wenu kama pacha. Sisi pia tulimfukuza kocha. Aliyekuja alipofungwa mechi tatu za kwanza ndipo nahodha wetu, kijana wa takwimu ambaye hakuwa mchezaji hodari lakini alikuwa na daftari, alipokaa akaandika dakika ya kila bao. Hatukuwa tumewahi kufanya hivyo. Tulikuwa tunagombana kuhusu mfumo, kuhusu beki gani ni mzito, kuhusu mimi kipa kutoka langoni ovyo, na kumbe kati ya asubuhi na jioni ya siku ya mechi kulikuwa na mambo ambayo hakuna aliyeyaangalia.

Kwa hiyo, Ndugu Waziri, kabla hujaandika neno la maoni, naomba utafute mambo manne kutoka kwa mwandishi wa timu au kutoka kwa kocha mwenyewe, kwa sababu nadhani ninajua anaandika nini pale benchini: dakika ambazo mabao 27 yalifungwa, matokeo yalikuwaje kila mlipokwenda mapumziko, wachezaji wangapi walifika uwanjani siku ya mechi, na wangapi walihudhuria mazoezi ya wiki hiyo. Niongeze jambo moja la kidakaji. Beki anapochoka, kabla mbio hazijamwisha, humwisha sauti. Anaacha kuita "nyuma yako", anaacha kusema "yangu", na kipa anajikuta anadaka peke yake kwenye umati. Muulizeni kipa wenu ni dakika ya ngapi uwanja huwa kimya.

Waziri wa Michezo, Dodoma

Kaka Kipa Mstaafu, nashukuru. Imenichukua siku mbili, na niliyoyapata yamenifanya nione haya kwamba sikuyatafuta mapema.

Ni kweli, kocha huandika. Ana daftari la shule la kurasa 96 lenye kila kitu. Kati ya mabao 27, yaliyofungwa kipindi cha kwanza ni 8 tu. Kipindi cha pili tumefungwa 19, na 14 kati ya hayo yameingia baada ya dakika ya 65. Katika mechi 12 tulizocheza, mara 7 tulikwenda mapumziko tukiwa sare au tukiongoza. Niliposoma mstari huo ilinibidi niufunike kwa kidole na kuhesabu upya.

Kuhusu idadi ya wachezaji, ligi yetu inaruhusu kubadilisha wachezaji 5, lakini mara nyingi tumefika uwanjani na 13, na siku tuliyofungwa 3-0 mzunguko wa kwanza tulikuwa 12, mmoja wao akiwa kipa wa akiba. Mnazi amesema kocha habadilishi wachezaji. Nimemwonyesha orodha, ameitazama kwa muda mrefu. Mwanzoni mwa msimu mazoezini walikuwa wakija vijana 22. Siku hizi wakija 11 ni siku njema. Ratiba mpya ya muhula huu imeweka vipindi vya mwaka wa pili saa 10 hadi saa 12 jioni, Jumatatu na Alhamisi, ambazo ni siku zetu mbili kati ya tatu za mazoezi. Mwaka wa tatu wako kwenye tafiti zao. Halafu kuna ndondo. Wachezaji wetu wanne, na ni wanne walio bora, wanachezea timu za mitaani za Chang'ombe na Ihumwa katikati ya wiki, kwa sababu huko hupewa elfu kadhaa mkononi mechi inapokwisha, nasi tunawapa maji.

Kipa wetu nilipomuuliza swali lako la ukimya alicheka kwanza. Kisha akasema, "Baada ya kipindi cha pili kuanza kama robo saa hivi, nabaki na Mungu wangu."

Mwalimu wa Viungo, Kondoa

Mwanangu Waziri, nimefundisha mazoezi ya viungo kwa miaka mingi, shuleni na baadaye chuo cha ualimu, na takwimu hizo za dakika ya 65 zimenifanya niulize swali ambalo wanaume mnaojadili mifumo huwa hamulizi: watoto hao walikula nini siku ya mechi, na saa ngapi?

Naeleza kwa nini nauliza. Misuli ya mchezaji hukimbia kwa wanga uliohifadhiwa ndani yake na ndani ya ini, na akiba hiyo si kubwa. Aliyekula vizuri jana usiku na mchana wa siku ya mechi huingia uwanjani na akiba inayoweza kumfikisha dakika ya 90. Aliyekunywa chai ya rangi na andazi saa 2 asubuhi, kisha akashinda hivyo mpaka saa 10 jioni, huanza vizuri sana na kipindi cha kwanza hatofautiani na mwenzake, ila baadaye miguu hukataa huku akili ikitaka. Kwa macho ya watazamaji huyo ni mvivu. Mechi ikianza saa 10, chakula kikubwa kiliwe kati ya saa 6 na saa 7 mchana, kiwe ugali, wali au viazi kwa wingi, mboga kiasi, mafuta kidogo, maana mafuta hukaa tumboni. Ukija muda wa kama saa moja kabla ya mechi, uji mwepesi wenye sukari au ndizi mbivu inatosha. Hakuna haja ya vinywaji vya chupa vinavyotangazwa. Uji wa uwele au mtama wa hapa kwetu unafaa kabisa, na bei yake mnaijua.

Jambo la pili ni maji, na hapa Dodoma inadanganya watu. Hewa yetu ni kavu na upepo haukosekani, kwa hiyo jasho hukauka kabla halijachuruzika, na mchezaji hudhani hakutoka jasho kwa sababu jezi haikulowa. Chukueni mizani, hata ya duka la jirani, muwapime kabla na baada ya mazoezi. Kila kilo moja iliyopungua ni karibu lita moja ya maji iliyomtoka. Mtashangaa. Wanywe kidogo kidogo tangu asubuhi, si kusubiri mapumziko na kugugumia chupa nzima halafu maji yakacheza tumboni kipindi cha pili.

La tatu linamhusu kocha, na sitamkinga kwa sababu tu anajitolea kama nilivyojitolea mimi. Uliza mazoezi ya mwisho kabla ya mechi ni siku gani na yanakuwaje. Walimu wengi wa kizazi chetu tulifundishwa kwamba stamina hutafutwa kwa kuzunguka uwanja raundi nyingi, na kwamba timu iliyofungwa iadhibiwe kwa raundi hizo hizo. Mpira wa miguu ni mbio fupi za kasi zinazorudiwa mara nyingi na kupumzika kidogo katikati. Anayefundishwa kukimbia polepole kwa muda mrefu atakuwa hodari wa kukimbia polepole. Na raundi 20 zikikimbiwa siku moja kabla ya mechi, akiba ile niliyoieleza inabaki kwenye changarawe ya uwanja wa mazoezi. Kuna utaratibu wa kupasha misuli moto unaoitwa FIFA 11+, uliotengenezwa tangu 2006, wa mazoezi 15 yanayochukua kama dakika 20, nusu yake ni ya kuimarisha magoti, mapaja na uwiano wa mwili. Hauhitaji kifaa zaidi ya mpira. Ukifanywa walau mara mbili kwa wiki hupunguza majeraha, na kwa uwanja mgumu kama wenu mimi ningeanza nao kesho.

Wale wanne wa ndondo msiwatukane. Kijana ambaye fedha zake za boom, yaani mkopo wa wanafunzi, zimekwisha hawezi kukataa elfu kumi kwa ajili ya heshima ya chuo. Lakini mechi ya Jumatano huko mtaani, bila mapumziko ya kutosha, ndiyo inayochezwa tena na mwili wake Jumamosi.

Mnazi wa Makulu

Shikamoo Mwalimu. Nimesoma, na kuhusu mabadiliko nakiri nilimsema kocha kwa jambo ambalo hakuwa na uwezo nalo. Hata hivyo uji hautazaa matunda ndani ya wiki mbili, na zimebaki mechi mbili. Nina pendekezo ambalo najua litapingwa. Wapo vijana wawili wa mtaani, mmoja beki wa kati na mwingine kiungo mkabaji, ambao wako tayari kutusaidia. Vyuo vingine vinafanya hivyo na kila mtu anajua. Heshima irudi kwanza, mengine tutayapanga msimu ujao.

Filimbi ya Mpwapwa

Kijana, hao wana jina lao, wanaitwa mamluki, na nimekuwa mwamuzi kwa muda wa kutosha kuwajua kwa viatu vyao kabla sijaona vitambulisho. Nitakusimulia kimoja tu. Miaka kadhaa iliyopita, kwenye mashindano ya vyuo ambayo sitayataja, timu moja ililalamikiwa, nasi tukamwita mchezaji wao mezani kabla ya mechi. Kitambulisho kilikuwa sawa, picha ilikuwa ya kwake. Msimamizi akamuuliza kwa upole, "Unasoma nini?" Akajibu, "Nasoma Dodoma." Akaulizwa mwaka wa ngapi, akasema mwaka huu huu. Tulijitahidi tusicheke. Timu yao ilipokonywa pointi, na wale vijana wengine kumi na kitu, waliokuwa wanafunzi halali na waliofanya mazoezi msimu mzima, walipanda basi kurudi kwao bila kucheza.

Mnashika mkia na hakuna mnachoweza kupoteza kwenye msimamo. Kwa nini mjitafutie cha kupoteza? Kama mna wachezaji 13, pelekeni 13. Sheria ya mpira inataka timu isipungue 7 ili mechi ianze, kwa hiyo bado mko mbali na kuaibika.

Niliyesoma Texas

Nitasema machache, maana sikukusudia kuingia. Kusini mwa Marekani kuna chuo kikuu cha Prairie View A&M, cha asili ya Wamarekani weusi, ambacho timu yake ilifungwa mechi 80 mfululizo kati ya 1989 na 1998. Ni ule mpira wao wa umbo la yai, lakini kufungwa ni kufungwa. Timu ilisimamishwa msimu wa 1990, na iliporudishwa ilirudi bila ufadhili wa masomo kwa wachezaji, ikishindana na vyuo vilivyokuwa vikiwasomesha wachezaji wao kwa sababu ya mchezo. Wale walikuwa wanafunzi waliocheza baada ya vipindi, kama hawa wenu. Siku walipoifunga Langston 14-12, Septemba 1998, kulikuwa na sherehe kana kwamba wametwaa ubingwa. Ninachotaka Waziri akiulize Bunge lake ni hiki: chuo kinataka timu, au kinataka matokeo ya timu? Posho ya kocha mpya ni bei ya la pili, na fungu la netiboli ndilo linalolipa.

Kipa Mstaafu

Naunga mkono, na naongeza la uwanjani kwa hizo mechi mbili. Zile pasi fupi za kipa acheni kwa sasa. Si mbaya, lakini zinahitaji mabeki wanaozunguka kutafuta nafasi, na hao wenu baada ya saa moja hawazunguki. Kipa apige mbele, timu yote isogee pamoja, na kuanzia dakika ya 60 kiungo mmoja arudi akae mbele ya mabeki. Waziri, mabao mangapi kati ya yale 14 yalitokana na kona?

Waziri wa Michezo, Dodoma

Matano, kaka. Nimerudi kutoa taarifa, maana nilihisi si vizuri kuchukua ushauri na kunyamaza.

Nilikwenda kwa kocha Jumapili jioni, nikiwa na nahodha. Nilimsomea maneno ya Mwalimu wa Kondoa yote, pamoja na yale ya raundi 20. Hakukasirika. Alifungua daftari lake akatuonyesha kwamba kila baada ya kufungwa alikuwa amewakimbiza Ijumaa, akahesabu Ijumaa hizo mwenyewe, kisha akafunga daftari akasema hakuwahi kuzisoma zikiwa zimepangwa pamoja. Mazoezi ya wiki hii yamefanyika saa 12 asubuhi, kabla ya vipindi, na walikuja vijana 17. Wale wanne wa ndondo tuliwaomba waache kwa wiki mbili tu. Wawili wamekubali, wawili wamesema kweli kwamba hawawezi, na hatukuwashurutisha. Mama lishe wa karibu na geti amekubali kutupikia ugali na maharage saa 6 na nusu siku ya mechi, na uji baadaye, kwa mkopo ambao nimeusaini mimi kwa niaba ya wizara na ambao bado sijui nitaulipaje.

Bungeni nilisoma maoni ya kutaka kocha abaki, fungu la netiboli na riadha lisiguswe, na ofisi ya ratiba iombwe kwa maandishi kutuachia jioni mbili kwa wiki muhula ujao. Wabunge walibishana karibu saa mbili. Aliyeniuliza maswali magumu zaidi alikuwa nahodha wa netiboli, ambaye alitaka kujua kwa nini timu yao iliyoshinda mechi nyingi kuliko yetu haijawahi kupikiwa uji. Sikuwa na jibu. Hoja ya kumwondoa kocha ilishindwa kwa kura chache, na ombi la ratiba likapita likiwa na nyongeza ya nahodha huyo kwamba chakula cha siku ya mechi kiwe cha timu zote.

Jana tumecheza mechi ya 13. Tulikuwa na wachezaji 16, tukatumia mabadiliko yote 5. Tumefungwa 1-0. Bao lilikuwa la kona, kaka Kipa Mstaafu, dakika ya 38, beki na kipa wakiachiana mpira. Baada ya hapo hatukufungwa tena, na dakika kumi za mwisho wapinzani ndio walioanza kupoteza muda, kipa wao akilala chini kila anapogusa mpira. Kwa hiyo sasa tumefungwa mechi 10 kati ya 13, na pointi ni zile zile 5. Leo asubuhi nilimuuliza kipa wetu kuhusu ule ukimya. Amesema mabeki walimpigia kelele hadi mwisho na sikio la kushoto bado linauma.

Mechi ya mwisho ni Jumamosi ijayo saa 10 jioni, ugenini. Basi la chuo limeombwa na wengine siku hiyo, hivyo tutakwenda kwa daladala. Mnazi amejitolea kubeba ndoo ya maji.